Nilipima Hedi ya Baba, Nikanyamaza

Admin, jina langu libaki kwako, maana hapa Machakos tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na moja, fundi wa magari tangu ujana, naishi Mumbuni na mke wangu na watoto watatu. Nina kaka mkubwa. Huyo kaka namdharau, na sitajifanya simdharau ili nionekane mtu mzuri mbele yenu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kaka alirudi kutoka Nairobi na diploma na ovaroli safi ambayo haikuwa imewahi kuonja grisi. Akaajiriwa kwenye karakana moja mjini yenye mashine ya kuchonga vyuma. Baba akawa haongei mengine. "Injinia wangu amerudi," anawaambia majirani. Mimi niliyemtunzia pikapu yake miaka sita nikabaki kuwa yule wa kufunga boliti.

Wiki moja kabla ya kaka kupeleka ntheo, yaani wale mbuzi wa kumhalalisha mke kwa mila yetu Wakamba, pikapu ya baba ilichemka na hedi ikapinda. Kwa wasiojua, hedi ni kile chuma kizito kinachofunika injini kwa juu. Ikipinda inachongwa kidogo ili ilale sawa, lakini haimenywi kama muhogo. Kwa injini ile, kitabu cha mtengenezaji kiliruhusu kuchonga robo milimita tu, kwa maisha yake yote. Ndiyo maana mafundi walionifundisha waligonga nukta moja pembeni kila hedi ilipochongwa, ili anayefuata ajue. Ya baba ilikuwa na nukta mbili, na ya pili niliigonga mwenyewe. Nilimwonyesha kaka.

"Hizo nukta ni mambo ya kienyeji," alinijibu huku anatafuna chapati. "Mimi niko na diploma. Chuma ni chuma. Wewe ngoja nikuletee, ufunge."

"Hii imefika mwisho, kaka. Tutafute ingine."

"Unataka tu ntheo yangu ichelewe. Wivu itakuua."

Akaichonga. Aliifunga vibaya kwenye mashine, ikaliwa upande mmoja, akarudia kuinyoosha, akarudia tena. Hayo alinisimulia mwenyewe akicheka, eti mashine ilikuwa na kichwa ngumu. Akaniletea hedi inayong'aa kama sufuria mpya, na nukta ya tatu hakuigonga. Diploma nzima, na kazi ambayo mwanafunzi wa mwezi mmoja angeionea haya.

Siku ya ntheo baba alivaa suti yake ya kanisani, akakaa kwenye usukani, kaka kando yake, mbuzi watatu wakapakiwa nyuma pamoja na wazee wawili. Sisi wengine tulitangulia kwa matatu. Kabla hawajafika Kyumbi injini ilianza kugonga. Hedi ilikuwa imeshuka mno, valvu zikawa zinapiga pistoni, hadi moja ikakatika na kila kitu kikafa. Walifika kwa wakwe saa kumi jioni kwa miguu, baba amejaa vumbi, anavuta mbuzi kwa kamba. Wazee wa kule wakamtoza mbuzi mwingine wa adhabu. Huyo ni mtu ambaye hajawahi kuchelewa hata ibada.

Na injinia wetu? Alisimama mbele ya wakwe akasema, "Ni huyu ndugu yangu alifunga boliti vibaya." Baba akanigeukia. "Umeniaibisha," akasema. Pikapu haikuwaka tena, na tangu siku hiyo baba hajapanda gari lolote nililoligusa.

Sasa mwanangu anapeleka ntheo yake mwezi ujao. Baba ana miaka themanini na mitatu na ndiye anayepaswa kutuongoza kwa wakwe. Amekataa. "Uniombe msamaha ya ile gari, mbele ya kaka yako," aliniambia, "ndio nitoke na mjukuu wangu." Kaka naye akanipigia simu na ile sauti yake ya mwenyekiti: "Omba tu, mambo iishe. Sisi ni wazee sasa." Yeye ndiye ananiambia hivyo! Nilikata simu kabla sijamtukana.

Ile hedi bado ninayo ghalani, na nukta zake mbili. Nikiiweka mezani na kuipima mbele ya baba, kaka ataumbuka kabisa. Nimekuwa nikiiota siku hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Ila kuna jambo hata mke wangu halijui. Jioni kaka alipoileta, niliipima. Karibu milimita nzima ilikuwa imekwenda. Nilijua. Baba alikuwa hatua chache tu kutoka pale, anapiga viatu rangi, na sikumwambia. Niliifunga taratibu, boliti kwa boliti, huku nikifurahia kuwaza jinsi injinia atakavyokwama barabarani na mbuzi wake. Sikuwaza kabisa kwamba anayeendesha ni baba.

Nikiitoa hedi hiyo, baba ataniuliza swali moja tu: "Na wewe fundi, hukupima?" Mwanangu kila siku ananiuliza kama babu atakuja. Haya, nyinyi wenye majibu ya kila kitu, niambieni: niende niombe msamaha kwa kosa la kaka, au niombe kwa langu?