Wanunuzi Tisa wa Kwanza

Siku ya tano baada ya kutuma barua pepe yangu ya kwanza ya biashara, nilimwita mke wangu aje aone simu. Alikuwa mezani akisahihisha madaftari ya Gredi ya Nne, kalamu nyekundu mkononi.

"Arobaini wamebonyeza," nikamwambia. "Tisa wamenunua."

"Hiyo ni mzuri?"

"Hiyo ni mtu mmoja kwa kila wanne na kitu. Watu hutafuta hesabu kama hiyo miaka na hawaipati."

Nilijuaje kwamba watu hutafuta miaka? Sikujua. Nilikuwa katika biashara hiyo kwa siku tano. Kabla ya hapo nilikuwa karani katika ofisi ya machimbo ya mawe hapa Kitengela, hadi machimbo yalipopunguza watu na mimi nikawa wa kwanza kupunguzwa. Nilikaa nyumbani miezi saba. Mtu akikaa nyumbani miezi saba huanza kujua sauti ya kila mlango wa ploti aliyopanga. Ndipo nikapata kampuni moja inayouza machujio ya maji ya kuweka jikoni. Kazi yangu ilikuwa kuwaandikia watu barua pepe nikiwaeleza habari za chujio, na mwisho wa barua naweka linki. Anayeifuata linki yangu na kununua, kampuni inanipa kamisheni.

Bidhaa yenyewe haikuhitaji uongo. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi hata birika linaota ukoko mweupe, na mgeni akinywa chai kwako mara ya kwanza hukitazama kikombe kabla ya kusema ni tamu. Nilikusanya anwani mia tatu: waliowahi kununua mawe, wazazi wa shule, niliosoma nao, watu wa jumuiya yetu ya kanisa. Nikaandika barua nikairudia mara kumi na moja. Kisha nikakaa kutazama.

Ukurasa wa kampuni ulinionyesha idadi tu, bila majina ya wanunuzi. Kitu kimoja kilikuwa cha ajabu, na nilikiona siku ileile: waliofungua barua yangu walikuwa ishirini na sita, ilhali waliobonyeza linki walikuwa arobaini. Mtu anabonyezaje linki iliyo ndani ya barua ambayo hakuifungua? Karani mzima, miaka tisa ya kulinganisha risiti na mzigo, nikajijibu kwamba habari njema husambaa yenyewe.

Chini ya nyumba yetu kuna duka la mzee mmoja kutoka Garissa, anayeuza mchele, sukari na mashuka. Nilimweleza tisa wangu nikiwa nimeegemea kaunta. Hakuacha kupima sukari.

"Mimi nikifungua hii duka," akasema, "wiki ya kwanza wanakuja ndugu, wanakuja watu ya msikiti. Duka inajaa. Hiyo si biashara, hiyo ni salamu."

"Yangu ni ya mtandao, mzee."

"Sawa. Wewe ngoja tu mpaka anunue mtu hakujui."

Niliondoka nikimcheka kimoyomoyo. Mzee wa mizani na vipimo, nikawaza, atajua nini kuhusu linki.

Sasa niseme kilichokuwa mezani, zaidi ya madaftari. Mke wangu alifundisha shule moja Kajiado mjini. Kila siku aliondoka kabla kitinda mimba wetu hajaamka, akarudi mtoto akiwa ameshalishwa na msichana wa kazi. Mtoto alikuwa ameanza kumwita huyo msichana mama. Lakini kazi hiyo mke wangu aliingojea miaka minne ndipo akaandikwa mwalimu wa kudumu, na ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Usiku mmoja, kabla ya biashara hii, alikuwa ameniambia kwamba siku nitakayosimama tena, atakaa na mtoto japo mwaka mmoja. Nilipoona tisa kati ya arobaini, nilijiona nimesimama.

"Tungoje mwezi uishe?" aliniuliza.

"Dalili ya mvua ni mawingu," nikamjibu.

Mkazi wa kaunti hii ya Kajiado kusema maneno hayo ni aibu. Mawingu ya hapa yanapita juu yetu kila mwaka yakienda kunyesha kwa wengine, na wafugaji huyatazama bila kusimama. Lakini nilisema, na kwa sauti ya mtu mwenye hesabu. Barua ya kuacha kazi niliipiga chapa mimi mwenyewe, maana ndani ya nyumba mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa barua. Aliisoma mara mbili, akatia sahihi, akaipeleka Ijumaa.

Wiki tatu zilizofuata, waliobonyeza walifika mia mbili na kumi. Walionunua walibaki tisa. Nilibadilisha kichwa cha barua. Nilibadilisha rangi ya kitufe cha linki kutoka kijani hadi chungwa. Nilituma asubuhi, nikatuma saa ya chakula cha mchana, nikatuma Jumapili watu wakitoka kanisani. Mia mbili na kumi walikuja, wakatazama, wakaenda zao, na sikuweza kumshika hata mmoja mkono nikamuuliza kasoro iko wapi. Nilivuta kioo cha simu kwa kidole ili ukurasa ujisome upya, nikauvuta tena, na tisa ilikuwa palepale. Mke wangu aliacha kuuliza. Hilo lilinitisha kuliko kama angeuliza.

Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba, kila Jumapili alasiri. Jumapili moja tulisali kwa mama wa kwaya, na wakati wengine wamefumba macho, mimi niliona juu ya kabati sanduku la chujio. Nililijua kwa rangi yake ya samawati. Utepe wa gundi haukuwa umebanduliwa. Jumapili iliyofuata, nyumba nyingine, sanduku lingine, nyuma ya mlango pamoja na mwavuli na viatu vya mvua. Nalo halikuwa limefunguliwa.

Njiani kurudi nikamwambia mke wangu nilichoona. Alisimama.

"Niliambia mama wawili tu," akasema. "Wale wa kwaya. Niliwaambia mzee wangu amekaa nyumbani sana, wakiweza wamshike mkono. Wawili tu, Baba watoto. Hao wengine saba nilijua ni wako."

Kwetu hakuna mtu anayeambiwa shida ya mwenzake akaibeba peke yake. Wale wawili waliitia linki kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, wakaandika kwamba mume wa mwalimu apigwe jeki, na kwaya ikabonyeza. Walinunua vile wanavyochangia matanga na karo. Nani angekuja kuniambia? Mtu uliyemchangia humwambii kwamba ni mchango, utamvunja moyo. Nilitafuta wa kumkasirikia nikamkosa. Niliona aibu, kisha nikamwonea mke wangu huruma, na ile huruma ilinichoma zaidi: aliacha kazi kwa sababu ya hesabu aliyoianzisha yeye mwenyewe kwa kunipenda, na mimi ndiye niliyemsomea vibaya.

Jumatatu alikwenda Kajiado kuomba arudishwe. Mwalimu mkuu alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, akamwambia, "Mwalimu, tungejua mapema." Nafasi ilikuwa imeshapata mtu. Alirudi saa saba na kikombe chake cha bati alichokuwa amekisahau katika chumba cha walimu. Alikiosha, akakipanga pamoja na vingine.

Jumapili iliyopita tulisali kwa mama mmoja anayeishi karibu na machimbo. Thamosi ya chai ilikuwa imewekwa juu ya kitu cha mraba kilichofunikwa kitambaa cha kufuma. Kitambaa kilipanda kidogo pembeni, nikaona samawati. Ilipofika zamu yake ya kuomba, mama mwenye nyumba alimshukuru Mungu kwa ajili ya nyumba ya mwalimu, kwamba biashara ya mzee imewainua hadi mama amepumzika kazi ya mbali na sasa analea mtoto wake. Wote wakasema amina. Mke wangu alisema amina. Nami nikasema.

Tukamiminiwa chai. Ilikuwa na chumvi ileile.

"Na ile kitu yenu, mzee," mama akaniambia, akitabasamu kwa moyo wake wote, "inafanya kazi kabisa."

"Asante, mama," nikajibu.

Mke wangu akamaliza kikombe chake, akakisogeza mbele, akaomba aongezewe.