Hema la Maembe Yaliyooza

Msinisikie nikimsifu Wawira mkadhani mimi ni mtu wa kusifu ovyo. Waulizeni watu wa hapa kwetu Mbeere: Cicily, mke wa Njura, ana mdomo, na mdomo wenyewe hauna breki. Siku ya kwanza huyo msichana alipoingia kwetu na pikipiki yake, koti limejaa vumbi, nilimwuliza kama amepotea njia.

"Sijapotea, mama. Mimi ni afisa wa kilimo. Nimekuja kuona maembe yenu."

"Basi umechelewa. Ngoja uje kuyaona yakiwa makaa."

Sikuwa natania. Mzee wangu alikuwa ameshaongea na Rwamba, fundi wa msumeno wa mashine, aje aangushe miembe yote. Misimu miwili mfululizo Younis, mfanyabiashara wa Meru mjini anayetununulia, alikuja na lori, akapasua embe moja kwa kisu, akapasua la pili, akatikisa kichwa. Ndani funza tupu, wanarukaruka. "Mzee Njura, wallahi nakuheshimu, lakini haya siwezi kuyapeleka sokoni," akasema, na lori likaondoka tupu. Ile miembe ndiyo iliyosomesha watoto wetu. Njura aliipanda kwa mikono yake ndoa yetu ikiwa changa, akaichotea maji mtoni kwa punda. Kumsikia akisema ataichoma makaa, moyo uliniuma kama ninafiwa.

Wawira hakubembeleza. Alimwambia, "Mzee, nipe msimu mmoja. Younis akikuta funza tena, kata. Sitafungua mdomo."

Njura akakubali shingo upande.

Huyo Wawira kwao ni juu, upande wa majani chai, na amepanga chumba mtaa wa Dallas, Embu mjini. Kazi yake ni kuchukua yale watafiti waliyoyagundua kwenye vituo vyao na kuyaleta shambani kwa lugha ya watu. Mashamba ni mengi, yeye ni mmoja. Pikipiki ikimkataa anaisukuma. Mvua ikimnyeshea anakaukia njiani. Mama yake humpigia simu kumwuliza ataolewa lini, naye humjibu aulize tena msimu wa maembe ukiisha. Maafisa wengine nimewaona mikutanoni tu, kiti cha mbele, soda mkononi. Huyu aliinama chini ya mwembe, akaokota embe lililooza kwa mikono mitupu, akalipasua, akaanza kutuonyesha. Nikasema moyoni, ala! Huyu ni mtu wa aina gani?

"Nzi hutaga mayai ndani ya embe likiwa bado mtini," akatueleza. "Funza wakikua, embe linaanguka, wao wanaingia mchangani, na baadaye wanatoka wakiwa nzi. Kwa hiyo haya ya chini yaokotwe kila siku, yaingie ndani ya hema la wavu."

Njura akagoma. Kwetu embe lililoanguka ni la mpita njia. Ukiwa na njaa unaokota, unakula, hubebi, na hakuna wa kukuuliza. Mtu anayefagia chini ya mwembe wake ni mchoyo, na uchoyo ni aibu kuliko umaskini. "Unataka watu waseme Njura anawanyima wasafiri?" akafoka.

Wawira akafikiri kidogo. "Basi mpita njia mpe zuri, mzee. Chuma, utundike kapu langoni. Haya mabovu tuachie sisi."

Mzee akaenda kutafuta kapu. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, maana miaka yote ya ndoa sijawahi kumnyamazisha kwa maneno machache namna ile.

Tukashona hema kwa wavu aliotuletea, tukalijaza maembe mabovu. Harufu yake, jamani, msiulize. Wawira akaenda zake akituachia neno moja: tusilifungue.

Sasa sikieni kituko. Baada ya siku kadhaa Njura alikwenda kuchungulia, akaona vidudu vyembamba vinapenya kwenye matundu ya wavu na kupaa. "Mama Runji!" akaniita kwa jina la mtoto wetu. "Wanatoroka!" Mbio akabeba pampu ya dawa mgongoni, akanyunyizia hema lote mpaka likatiririka. Akarudi amevimba kichwa kama mtu aliyeua chui, akadai na chai.

Wawira alipokuja alikuta vile vidudu vimekauka juu ya wavu. Nilingoja apige kelele. Ningekuwa mimi, wangesikia mpaka Embu. Yeye aliokota kimoja, akakiweka kiganjani, macho yakamjaa maji. Kisha akatoa kwenye mkoba kichupa chenye vitu vya kahawia mithili ya punje za mchele.

"Mzee, njoo. Funza akiingia mchangani hujifunga ndani ya kifuko kama hiki. Tazama kitakachotoka." Akampa kioo cha kukuzia.

Tukangoja. Chai ikapoa. Hatimaye kifuko kimoja kikatikisika, kikafunguka kichwani, na badala ya nzi akatoka mdudu mwembamba, kiuno kama uzi, mabawa yanang'aa. Akajipangusa uso kwa miguu ya mbele, taratibu, kama mtu aliyeamka usingizini.

"Huyu ni nyigu. Hamuumi mtu," Wawira akasema. "Kazi yake ni moja. Anatafuta yai la nzi ndani ya embe, anataga lake ndani ya lile yai. Funza anakua na kujifunga kama kawaida, lakini kwenye kifuko nzi hazaliwi tena, anazaliwa yeye. Watafiti walimtafuta mbali, wakamlea, wakamwachilia huku kwetu. Na matundu ya wavu yamepimwa: nzi ni mnene, anabaki ndani, nyigu anapita aende kazini."

Mungu wangu! Yai ndani ya yai, ndani ya embe, na kidudu kisichofika hata ukucha kinajua pa kuligusa. Nimezeeka chini ya miembe ile, nimepika, nimelea, nimegombana chini yake, na kumbe juu ya kichwa changu kulikuwa na vita nisivyovijua. Nilimnyang'anya mzee kioo nitazame mwenyewe, naye akaninyang'anya tena.

Njura akavua kofia. "Ngai," akasema, akimwita Mungu kwa lugha ya nyumbani. "Na mimi nimewapiga dawa." Akatazama vile vilivyokauka juu ya wavu. "Nimewamaliza?"

"Wa hapa, ndiyo, mzee."

"Na wengine nitawatoa wapi?"

"Kwenye maembe mabovu ya majirani."

Basi mzee wangu, yule aliyeogopa kuitwa mchoyo, akatwaa gunia akaanza kupita boma kwa boma akiomba maembe yaliyooza. Watu wakanivuta kando: "Mama Runji, mzee yuko sawa kweli?" Nikawajibu, "Mwulizeni, lakini mketi kwanza, maana hatamaliza leo." Aliwaeleza kila mtu habari ya nyigu, kioo cha Wawira mkononi, akawashikia wazee wenzake watazame. Walioanza kwa kucheka waliondoka wakiuliza hema linashonwaje. Kabla maembe hayajaiva, bonde letu lote lilikuwa na mahema, na chini ya miembe pakawa safi.

Siku ya kuuza ikafika. Rwamba naye akaja na msumeno wake asubuhi ileile, maana ahadi ni ahadi. Wawira alisimama kando, kofia ya pikipiki bado kichwani. Younis akachukua embe, akapasua. Safi. Akapasua jingine. Safi. Akaenda kwenye miti ya mbali, akajichagulia mwenyewe, akapasua na kupasua mpaka mikono ikachuruzika maji. Mimi nilikuwa nayahesabu. Mwisho akakata kipande, akatia mdomoni, akafumba macho.

"Mashallah," akasema. "Pakieni."

Rwamba akauliza, "Sasa mimi je?"

"Weka hiyo mashine chini," Njura akamwambia, "upande mtini utuchumie."

Kisha akamgeukia Wawira. Kwetu mti unaweza kuwa wa mtu hata kama ardhi si yake. Mwenye shamba akishautoa, umetoka. "Mwanangu," akasema, na hakuwa amewahi kumwita hivyo, "chagua mmoja. Ni wako. Hata nikifa, watoto wangu hawataugusa, na wewe utakuja kuchuma bila kubisha hodi."

Wawira, mwenye jibu kwa kila kitu, alivua kofia yake ya pikipiki. Aliketi palepale vumbini akalia kwa sauti. Nikaketi kando yake, nikamshika mkono, nikalia naye mbele ya watu wote.