Uso wa Mama Ukutani

Wiki iliyopita nimesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, pale Yeoville, mtaa wetu wa wahamiaji, nasubiri kijani, simu mkononi, mara nikamwona kwenye video. Mfaransa wetu! Suti, tai, mvi kichwa kizima, yuko jukwaani kwao Ufaransa anagombea tena ubunge, na watu wanampigia makofi. Nikacheka peke yangu mpaka muuza mahindi akaniuliza kulikoni. Ningeanzia wapi kumweleza?

Wewe nitakueleza. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa na saluni hapo hapo, ng'ambo ya robot. Kazi yangu asubuhi ilikuwa kufagia nywele na kuchambua rasta, chumba kikinuka mafuta ya nywele na dagaa aliokaanga mama kwenye jiko la umeme. Mfaransa alipanga chumba ghorofani. Alikuwa mchoraji, hana mbele wala nyuma, na sombe yetu, majani ya muhogo ya kutwanga, aliila mpaka akaramba vidole. Kwa shukrani akasema atamchorea mama ukuta wa nje.

Sasa, ukuta wa saluni unajua unavyochorwa: vichwa vya warembo wasiojulikana, kila mmoja na msuko wake. Yeye hakujua. Alimchora mama mwenyewe, uso mkubwa kuliko mlango, akauzungushia maua meupe. Jamani, ulikuwa mzuri! Hata kale kakovu ka juu ya jicho alikaweka. Niliutazama nikasahau kuwa nimetumwa mkate.

Lakini kwetu sisi Wakongo, uso mkubwa wenye maua ni wa marehemu. Mchana wanawake wa kanisani wakaanza kumiminika na vitenge vyao, sukari na majani ya chai mkononi, wanalia tangu kona. Fundi cherehani jirani yetu, Mtanzania wa Tanga, akaacha kazi akaja kutandika mkeka wa matanga. Mama akatoka na kitana mkononi aone kuna nini. Weee! Mmoja alikimbia akaacha kiatu.

"Mtoto wa watu, umeniua mchana kweupe!" mama akamfokea Mfaransa.

Maskini, akapanda juu ya kreti ya soda. "Mama hapana kufa! Mama iko! Makosa ni yangu!" Hakuishia hapo. Akaisifu sombe, akaisifu mikono ya mama, akaomba radhi kwa kila mtu, mpaka waliokuja kulia wakapiga vigelegele. Nilimwona usoni: amenogewa. Tangu siku ile brashi zake zikakauka. Maji yakikatika jengoni, yuko juu ya kreti. Mwenye nyumba akigoma kutengeneza mlango, yuko juu ya kreti.

"Eish, huyu ni mtu wa siasa, rangi anajisingizia tu," fundi alisema, na kweli, aliporudi kwao hakuchora tena.

Mama alitaka uso ule ufutwe siku ile ile, asije akafa kweli. Nililia, nikamng'ang'ania Mfaransa shati. Akachuchumaa mbele yangu, na Kiswahili chake cha kubahatisha: "Mama akizeeka, akikubali, mimi itarudi, itachora tena. Naahidi." Kisha akapaka bluu juu yake.

Mama hakuzeeka. Kwenye matanga yake, ya kweli safari hii, tuliweka picha ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka ikawa ukungu, kovu halionekani. Saluni sasa ni duka la simu. Fundi alirudi Tanga, wanawake wa kanisani wametawanyika, na wanangu wakisikia neno sombe wananijibu kwa Kiingereza. Inaniuma, sitakuficha.

Robot ilipowaka kijani nilivuka, nikaweka kiganja ukutani pale ninapodhani lilikuwepo jicho. Rangi juu ya rangi. Kwenye simu Mfaransa alikuwa bado anaahidi: shule, barabara, hospitali. Wale wanaompigia makofi hawajui kwamba ahadi yake ya kwanza aliitoa amechuchumaa, kwa mtoto wa msusi wa Yeoville, na mtoto huyo bado anasubiri.