Walivyomwondoa Dalmas Akiwa Hai

Dalmas alilisikia neno lile kwa mara ya kwanza mwaka wa themanini na nane, kwenye baraza la naibu chifu, ufukweni mwa ziwa, upande wa Kisian. Naibu chifu alikuwa kijana aliyezoea kuzungumza na wazee mikono ikiwa mifukoni. Alisema ardhi ile imepata mwenyewe, mkubwa fulani wa Nairobi, na kwamba kitajengwa kiwanda cha minofu ya samaki aina ya mbuta. Atakayekataa kuhama atakuwa evicted. Mzee mmoja akauliza hicho ni kitu gani. Naibu chifu akafikiri kidogo, kisha akaeleza kwamba ku-evict ni kumtoa mtu kwa nguvu, ila ni nguvu ya sheria, si ya ugomvi.

Watu wakacheka. Walicheka kwa sababu hawakuwa na mahali pa kuliweka neno hilo. Dholuo ina neno la kumfukuza mwizi, ina la kuswaga ng'ombe, ina hata la mke aliyerudi kwao kwa hasira. Lakini mwanamume aliyeanzisha boma lake kwa desturi aliondolewa na kifo tu, na kifo chenyewe hakikumpeleka mbali, maana alizikwa papo hapo uani kwake. Waingereza walihitaji neno la kumwondoa mtu akiwa hai kwa kuwa walikuwa wamefanyiana hivyo sana. Walipoondoka waliliacha nyuma, na watu wetu wakaliokota, wakalipangusa, wakalitia mfukoni.

Jentrix, muuza samaki wa kukaanga kando ya barabara, ndiye aliyeenda nalo nyumbani. Mteja akikalia benchi lake bila kununua, alimwambia, "Bwana, kula au niku-evict." Kuku waka-evictiwa jikoni, mlevi aka-evictiwa kilabuni, mke akamtishia mume. Hata Dalmas alicheka. Msimu mzima ufuo wote ulicheza na neno hilo kama watoto wanavyocheza na nyoka wakidhani ni kamba.

Yeye hakuwa na hofu. Alikuwa amebeba magunia bandarini Kisumu tangu ujana mpaka mgongo ukapinda, na kwa jasho hilo alianzisha boma lake mwaka mmoja kabla ya Uhuru, jinsi baba yake alivyomwonyesha. Alitangulia na jogoo mkononi, mwanawe wa kwanza akafuata na shoka, Dorca mkewe akaja na moto. Kileleni mwa nyumba akasimamisha osuri, ule mti mwembamba unaochomoza juu ya paa kumwambia kila apitaye kwamba mwenye nyumba yu hai. Siku akifa, mmoja wa wanawe hupanda akauvunja. Alipoondoa nyasi akaezeka mabati, fundi alimcheka kwa kuagizwa atoboe bati ili osuri isimame. Dalmas alimwacha acheke. Nani angethubutu kugusa paa lenye osuri? Siku hizi watu huchomeka aeriali ya televisheni mahali pale, na hawajui hata watavunja nini siku ya kumzika baba yao.

Yule mwana wa shoka aliuawa na surua. Aliyebaki ni Absalom, mtoto wa marehemu kaka yake Dalmas, aliyelelewa humo humo, akala chungu kimoja na Apiyo na binti wengine wa Dalmas, akamwita Dalmas baba.

Majirani walianza kuondoka. Walipewa pesa za kufuta machozi wakazichukua, kila mmoja akajieleza mwenyewe kwa nini yeye ni tofauti. Mwaka wa tisini walikuwa wamebaki wachache. Dorca alianza kumsihi mumewe.

"Baba Apiyo, tung'oe mabati tu. Tuyapeleke kwa kaka yangu Kombewa. Milango pia. Wakija wakute kuta."

"Mwanamume hafunui paa lake mwenyewe. Hiyo ni kujitia kitanzi."

"Na wao wakifunua?"

"Wakifunua ni wao waliovunja. Mimi nitakuwa nimesimama."

Alikataa hata bati moja lisiguswe. Ndipo alipokosea, kwani aliamini kwamba wanaokuja wanaogopa anachoogopa yeye.

Walikuja asubuhi, Dorca akiwa bado anafagia. Lilikuja tinga la kubomoa, wakaja askari wenye rungu, na nyuma yao vijana wa kibarua. Dalmas alimwona Absalom katikati yao, akiwa na ovaroli mpya, na moyo wake ukatulia. Huyu anajua, akajisemea. Huyu atawaambia.

Na kweli vijana wale, wengi wao wa pande hizo hizo, walipoiona osuri walisita. Msimamizi akawatukana. Dereva wa tinga akawasha injini, akasogea. Absalom akamwinulia mkono asimame, akamjia baba yake mdogo, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, hawa hawatarudi nyuma. Afadhali mkono wangu kuliko chuma."

Kabla Dalmas hajaelewa, kijana alikuwa juu. Alitembea taratibu kwenye mabati, akashika osuri kwa mikono miwili, akaivunja. Akashuka nayo, akaiweka miguuni pa mzee kwa heshima, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

Mjinga yule aliyesoma hadi darasa la nane alidhani anamhurumia. Tinga lingeipiga chini pamoja na ukuta, ingekuwa ajali ya chuma, na chuma hakina ukoo. Mzee angeweza kusimamisha nyingine popote. Lakini osuri iliyovunjwa kwa mkono wa mwana ni msiba. Jentrix, aliyekuwa amesimama barabarani, alijishika kichwa akapiga nduru ya matanga, na wanawake wengine wakaipokea, wakamlilia Dalmas naye amesimama palepale akiwatazama. Tinga lilipomaliza kazi yake, hakuna aliyejua kama ampe mzee mkono au ampe Dorca pole.

Walienda Kombewa. Shemeji yake aliwapa jiko la zamani walale humo, na mwanamume anayelala jikoni kwa wakwe zake hana cha kumwambia mtu. Wazee wa ukoo walikaa, wakabishana kama mtu aliyevunjiwa osuri anaweza kujenga tena. Mwishowe wakasema inawezekana, mradi aliyeivunja ndiye achimbe shimo la nguzo ya kwanza. Bila Absalom, Dalmas hakuwa na nyumba.

Absalom alikuja baada ya mavuno, na mkokoteni wa nguzo za mkalitusi, tayari kuchimba shimo. Alipiga magoti mlangoni pa jiko. Alieleza kwamba msimamizi aliwatisha, kwamba kibarua ni kibarua, kwamba yeye hakuchagua.

"Ilikuwa eviction, Baba. Hata korti inajua."

Dalmas akamkatiza.

"Hilo neno ni la tajiri wako. Niambie kwa lugha ya mama yako. Ulinifanya nini?"

Kijana alijaribu, "Nilikutoa," mzee akatikisa kichwa. Akajaribu, "Nilikuhamisha." Dorca, aliyekuwa akichambua mboga, aliacha mikono yake ikatulia.

"Nilikuzika," Absalom akasema, macho chini.

"Ndiyo. Na maiti haijengewi nyumba." Dalmas akamgeukia mkewe. "Mpe chakula, ametoka mbali. Halafu aende."

Dorca alimsihi mumewe usiku kucha, na kaka yake akamsihi asubuhi, kwa maana alitaka jiko lake. Dalmas hakubadilika. Angeweza kupata nyumba kwa kusema tu kwamba lililofanyika ni kazi, ni sheria, si kitu. Hakusema.

Nguzo zilibaki uani zikinyeshewa. Mvua za masika zilipoleta shida ya kuni, Dorca alichukua shoka akaanza kuzipasua, moja baada ya nyingine. Zilitoa moshi mwingi machoni, lakini ugali uliiva, na Dalmas akaula.