Kompteri Iliyomlilia Aganze

Mume wangu Cyprien hajamtukana mtu mbele yangu katika miaka ishirini na saba ya ndoa. Kwa hiyo mimi hutukana kwa niaba yetu wawili, na kwa jambo la mjukuu wetu Aganze bado sijamaliza.

Cyprien alikuwa mtayarishaji wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu. Yeye aliosha chupa, akaunga nyaya, akahakikisha kila kitu kinafanya kazi. Kisha profesa, yaani mwalimu, akaingia na chaki yake, akapewa sifa zote. Shule ilipoporwa mwaka wa tisini na sita, wengine waliokoa viti na mabati. Mume wangu alirudi nyumbani amelowa, na chini ya koti lake kulikuwa na kisanduku cha kijivu chenye bomba la chuma la kushika mkononi. Kompteri Geiger, yaani mita ya kuhesabu. Kuna mawe yanayotoa nguvu ambayo jicho haliioni, mionzi, na kompteri ikiisikia hulia tak, tak, tak. Basi hicho ndicho alichoniletea, na sufuria za shule zilichukuliwa na watu wengine.

Majirani wetu hapa Nyalukemba walitucheka. Walisema nyumba ya Papa Cyprien ina kompteri mbili: ya kupimia umeme imelala kwa sababu umeme hakuna, na hii nyingine inahesabu hewa. Kila asubuhi baada ya chai alikaa sebuleni, akahesabu milio ya dakika moja, akaandika kwenye daftari. Kumi na saba. Kumi na tisa. Kumi na nane. Alisikiliza kwa kidude cha sikioni, kwa sababu basoda, wale wanajeshi, wakisikia mashine inalia ndani ya nyumba wangesema ni fonii, ile redio ya kupelekea habari kwa waasi msituni, na kwa fonii watu walikuwa wanachukuliwa na hawarudi. Mimi nilimwambia wazi kwamba ataniacha mjane kwa ajili ya kuhesabu hewa. Alitabasamu tu, akaandika kumi na nane.

Jumatatu moja ya Novemba, mwaka elfu mbili, aliandika arobaini na sita.

Akahesabu tena. Arobaini na nne. Hakunywa chai. Kwanza alilaumu betri, akazibadilisha kwa zile za redio yangu bila kuniomba. Arobaini na saba. Kisha akalaumu mvua, akasema unyevu ukiingia kwenye bomba umeme unavuja na mashine inahesabu uongo. Akaifungua yote, akaianika kando ya mbabula yangu ya makaa siku nzima, na mimi nikipika sombe, majani ya mihogo, nimejikunja pembeni kama mwizi kwenye jiko langu mwenyewe. Jioni, arobaini na tano. Akalifuta bomba kwa pombe ya dawa, labda limeshika vumbi. Akaitoa nje taa yetu ya gesi, kwa sababu kile kisoksi chake kinachowaka nacho kina mionzi kidogo. Namba haikushuka.

Jumatano akaifunga mashine ndani ya kitenge, akaenda nayo kwa mguu mpaka Nyantende kwa dada yake, akahesabu katikati ya shamba la maharagwe. Kumi na saba. Alirudi amechoka, amekunja uso.

“Mashine ni nzima,” akaniambia. “Ni nyumba ndiyo mugonjwa.”

Nyumba hiyo, jamani, ilikuwa imejaa wiki ile. Binti yetu Laurette alikuwa amejifungulia kwetu, na Aganze alikuwa na wiki sita. Mume wa Laurette, Mardochée, alikuwa amefika Jumapili kwa ndege ya mizigo kutoka Shabunda, ambako alituambia anauza nguo. Alifika sisi tukiwa misani. Tuliporudi tulimkuta ameshakula, na kasha lake la chuma liko chini ya kitanda cha chumba chao. Mama yake, Maman Euphrasie, alikuja kila siku kumwona mjukuu. Huyo ni mtu wa chumba cha maombi. Kila kikohozi kwake ni pepo.

Cyprien alitembea na bomba lake ukutani, chumba kwa chumba. Jikoni ishirini. Chumbani kwetu thelathini. Kwenye mlango wa chumba cha Laurette, sitini, na hapo akasimama. Kwetu sisi wa kabila la Bashi, mzee haingii chumba anacholala mkwe wake, sembuse kuinama kwenye kitanda chake. Ni aibu ambayo haioshwi kwa maji. Akampa Laurette kisanduku na bomba, akachomoa kidude cha sikioni ili mlio utoke kwa nguvu, ausikie akiwa mlangoni, akamwambia apite nalo polepole. Laurette alipolifikisha kitandani alipolala mtoto, mashine ikalia mfululizo hata hesabu ikamshinda.

Na nani alikuwa amesimama nyuma ya Cyprien? Maman Euphrasie.

Alishika kichwa. Akasema mashine ya wazungu imemwona mtoto. Akasema ndiyo maana analia usiku, ndiyo maana kuku wake watatu wamekufa. Mtoto wa wiki sita, ambaye hata shingo yake haijakaza, ameua kuku! Cyprien alimjibu kwa upole wake ule unaonikera. Akamwomba Laurette amtoe mtoto uani, akamwekea bomba kifuani: kumi na nane. Akaomba mashine irudishwe kwenye kitanda kitupu: ikalia zaidi ya mwanzo. Hata mbuzi angeelewa. Maman Euphrasie akasema pepo huogopa jua, kwa hiyo uani alijificha, na kitandani ameacha harufu yake. Jumamosi wangekuja watumishi wa chumba cha maombi kumchukua mtoto wakamwombee. Siku tatu, bila ziwa la mama, bila maji.

Nilimwambia kwamba mtoto wa wiki sita akikaa siku tatu bila ziwa, siku ya nne tunachimba kaburi. Akanijibu kwamba mimi nasoma sana. Laurette alimkumbatia mtoto lakini hakumtetea, maana mtoto ni wa ukoo wa mumewe, na ukoo ulikuwa umeshasema.

Na Mardochée? Mardochée alikuwa anakula. Cyprien alimwita pembeni, akamuuliza kwa heshima zote chini ya kitanda kuna nini. Akajibu ni kasha lake, ni nguo. Cyprien akamwomba alitoe nje kwa muda, apime tu. Yule kijana akamtazama kwa macho makavu, akamuuliza kama kweli baba wa mke anataka kupekua nguo za mkwe wake. Mume wangu akaona haya, akaomba msamaha. Aliomba msamaha yeye! Usiku huo nilimtukana Cyprien mpaka nikalia, nikamwambia adabu yake itamzika mjukuu wetu. Laurette nikamhamishia kwangu alale na mtoto sakafuni. Chumbani mwetu, mbali na kitanda kile, mtoto alilia vilevile, kwa sababu watoto hulia.

Jumamosi walikuja. Wanaume wawili wenye suti, na Maman Euphrasie na shuka jeupe la kumfungia mtoto. Waliimba wimbo mmoja sebuleni. Mardochée alisimama mlangoni mwa chumba chake, mikono kifuani, anajitia hamnazo. Maman Euphrasie akanyoosha mikono, na Laurette akaanza kumfungua mtoto mgongoni, machozi yanamtiririka, kwa sababu alilelewa vizuri na mimi ndiye niliyemlea hivyo.

Cyprien alivua viatu. Akampita mkwe wake bila kumwomba njia, akaingia chumbani, akapiga magoti mbele ya kitanda chao, mzee wa miaka hamsini na nane, akashika mkono wa kasha na kuvuta. Halikusogea. Akavuta tena, miguu yote miwili ameikaza sakafuni. Halikusogea.

“Ni nguo gani hizi?” akauliza.

Nikamletea mtwangio wangu wa sombe. Akakisukuma kitanda kando, akapiga kufuli mara tatu, likakatika. Ndani, mifuko midogo imepangwa kama unga dukani, na kwenye mmoja uliopasuka kulikuwa na mchanga mweusi mzito. Koltani, madini ya kutengenezea simu. Mwaka huo hata mtoto wa shule aliijua kwa macho. Mji mzima ulikuwa unaikimbilia. Akaweka bomba juu yake na milio ikawa mlio mmoja. Wimbo sebuleni ukakatika.

Neno la kwanza la Mardochée lilikuwa hili: “Papa, zima hiyo kitu, basoda batasikia, batakamata mali.”

Cyprien akazima. Akamuuliza, polepole, kama mtu anayeogopa jibu, kama alijua mashine ilikuwa inalilia nini.

“Nilijua tangu Jumatatu,” akasema. “Kule banunuzi bako na mashine kama hii, banapima nayo mifuko.”

“Na mutoto wako akiitwa mulozi, ukanyamaza?”

“Nilisema batamuombea tu, Papa. Maombi haiui mutu.”

Haki ya Mungu, nilikuwa bado nimeshika mtwangio, na kama Cyprien hangenishika mkono ningefungwa mimi. Alijua! Siku sita mke wake analia, mama yake anakusanya watu waje kumchukua Aganze, baba mkwe wake anaomba msamaha, na yeye anajua jibu liko chini ya kitanda chake, anangoja bei ya koltani ipande. Angemwacha Aganze akauke kwa kiu kuliko kufungua mdomo na kusema neno moja: mawe.

Watumishi wakaondoka kimyakimya. Maman Euphrasie akakunja shuka lake, akasema kumbe ni shetani wa mchanga, akatoka bila kumgusa mtoto. Mardochée akaita mtu wa mkokoteni. Alitoa mfuko mmoja mmoja, akaifunika na majani ya mihogo, akahangaika nayo kwa upole ambao sijawahi kuuona mikononi mwake. Cyprien akakaa kwenye ngazi bila viatu. Hakumtazama.

Jua lilipokuwa linashuka, Mardochée alirudi mikono mitupu. Alikuwa ameoga mahali fulani, shati jipya. Akasimama mbele ya Laurette, akacheka kidogo, akanyoosha mikono ampokee mwanawe. Laurette, ambaye wiki nzima hakuwa amesema neno, akamvuta mtoto kifuani.

“Wende kwanza bakuombee,” akamwambia. “Siku tatu. Usikule, usikunywe.”

Kisha akaniomba nifunge mlango, nami nikaufunga.