Bunduki Iliyonukia Mafuta ya Nazi

Harufu ya bunduki ninayoikumbuka mimi ni ya mafuta ya nazi. Wengine wakisikia neno bunduki hukumbuka baruti na moshi. Mimi hunijia kichwani nywele za bibi arusi. Sababu yake ni ndogo tu. Chande, mgambo wa kijiji chetu, alikabidhiwa silaha ile bila mafuta ya kuisafishia, akaja kwetu kuomba yale ambayo mama alikuwa akitupaka baada ya kuoga. Aliketi barazani, akaifungua vipande vipande juu ya gunia, akakipaka kila kipande kwa kitambaa cha kanga kuukuu, kisha akavirudisha mahali pake huku akipiga soga. Fundi yeyote angemkataza, kwa kuwa mafuta ya nazi huganda na kushika vumbi. Bunduki yenyewe haikujali. Sikujua wakati ule kwamba huko kutojali ndiko kulikoifanya iende dunia nzima.

Tuliishi Rutamba, bara kidogo kutoka mji wa Lindi, nami nilikuwa darasa la tatu. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa bondeni, na mpunga ukifikia hapo huwa na maadui wengi: ndege mchana, nguruwe mwitu usiku. Kwa hiyo kila familia ilikuwa na dungu lake, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambako watu walihamia mpaka mavuno yaishe. Nguruwe waliufuata mpunga, na mwaka ule simba akawafuata nguruwe. Kisha akagundua kwamba mtu hukamatika kwa urahisi kuliko nguruwe. Alimchukua jirani yetu, Mama Rehema, alipokuwa akishuka ngazi ya dungu lake kulipokucha. Tulizika kilichopatikana. Siku zilizofuata wanawake walisimama ukingoni mwa bonde wakitazama chakula chao cha mwaka mzima kikiliwa na ndege, wala hakuna aliyethubutu kushuka.

Ndipo bunduki ikaletwa. Maofisa wa wanyamapori walikuwa wachache, na vijiji vilivyolalamikia simba vilikuwa vingi, hivyo Chande, aliyekuwa amepitia mafunzo ya mgambo, akapewa SMG moja arudi nayo nyumbani. Aliteremka kwenye lori la mizigo nayo begani, nasi watoto tukamfuata hadi mlangoni kwake tukiliimba jina lake. Jana yake alikuwa Chande tu, kijana wa kudowea ugali kwa watu. Siku ile wazee waliinuka wakampa kiti.

Dungu lililofaa kwa ulinzi lilikuwa letu, maana lilisimama katikati ya bonde na kutoka juu yake uliona njia zote za kuingilia mashambani. Mwenye dungu alikuwa bibi yangu mzaa mama, Mmakonde wa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji. Chande alimjia kwa utani ambao kila mjukuu humfanyia bibi.

"Shikamoo, mke wangu."

"Marahaba. Mume gani, hata jembe la kuazima huna."

"Jembe sina, lakini leo nimekuja na mahari." Akaigusa bunduki.

Bibi hakucheka. "Hiyo hailali kwangu."

"Na simba je, bibi? Nimrushie maembe?"

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyo wako nitampa jembe gani?"

Watu walidhani ni ukaidi wa uzee. Mimi nilijua zaidi kidogo, kwa kuwa nililala naye kitanda kimoja na alikuwa akinisimulia. Bibi hakuwa mgeni wa silaha ile. Katika usichana wake, watu wake walipokuwa wakipigana na Mreno, yeye na wenzake walibeba masanduku ya risasi kichwani, wakavuka mto na kupita porini hadi kambini kwa wapiganaji. Alijivunia jambo hilo hadi kufa kwake. Baadaye akakimbilia upande wetu akiwa na watoto wawili, mama yangu na kaka yake, mjomba Vitorino. Uhuru ulipopatikana na mjomba akawa mtu mzima, alirudi kwao akalime ardhi ya baba yake. Vita vya pili vikamkuta huko, safari hii wenyewe kwa wenyewe, akauawa barabarani akitoka kununua chumvi. Hakuna aliyeweza kumwambia bibi ni upande gani uliomuua. Maganda ya risasi hayakusema lolote, kwa sababu pande zote mbili zilibeba bunduki ileile.

Naomba nieleze kidogo hapa, maana nilipokuwa mkubwa nilisoma ili nielewe. Sisi huku tumezoea kuiita SMG, na redio zetu huitaja hivyo polisi wanapomkamata jambazi. Ulimwengu unaijua zaidi kwa jina la AK. Ilibuniwa Urusi baada ya vita kuu ya pili ya dunia, kwa ajili ya askari aliyechoka, mwenye baridi vidoleni, asiye na muda wa kusoma maelekezo. Vipande vyake vinavyocheza havikubanana sana, hivyo mchanga na tope havikuisimamisha kwa urahisi. Mataifa mengine, Wachina wakiwemo, wakatengeneza za kwao kwa mfano huo, na wingi ukaleta urahisi wa bei. Nyingine zilipita katika nchi yetu kwenda kwa wapigania uhuru, na ni kweli kwamba zilisaidia kuwang'oa wakoloni. Anayesema bunduki hii ni uovu mtupu hajakaa na bibi yangu. Lakini gobore la babu zetu lilitaka subira: upime baruti, ushindilie, ulenge, na ukikosa uanze upya, huku hasira ikipoa. Hii haikutaka subira wala ufundi wala nguvu. Chande alinionyesha kuifungua asubuhi moja tu, mimi mtoto wa darasa la tatu, nikaweza.

Turudi bondeni. Mpunga ulizidi kupukutika. Mama alimsihi bibi, kwanza kwa upole, mwishowe kwa machozi. "Mama, tutawalisha nini watoto hawa? Kumbukumbu?" Wazee wakaja na methali yao kwamba dawa ya moto ni moto. Bibi akawajibu, "Na wa kwanza ukizimika, huo wa pili nani anauzima?" Hata hivyo alikwenda peke yake hadi ukingoni, akautazama mpunga kwa muda mrefu, na aliporudi akamwita Chande. Atakubali kwa sharti moja: siku simba akifa, siku hiyohiyo bunduki irudi ilikotoka. Si kesho yake, si mavuno yakiisha. Chande akaapa kwa Mungu mbele ya watu wote, na mimi nikiwapo.

Simba alipigwa asubuhi, jua likiwa limeshachomoza, pembeni mwa mzoga wa nguruwe kwenye matete. Tulisikia milio mfululizo, kisha kimya, kisha Chande akipiga kelele kama aliyeshinda bahati nasibu. Alikuwa simba jike mkongwe, mbavu zinahesabika, jino moja la mbele limeoza. Nilitarajia joka la hadithi, nikaona mnyama mwenye njaa. Ngoma ilipigwa, mtoto wa Mama Rehema akaletwa atazame ili alale salama, na wanawake wakaingia mashambani siku ileile na visu vyao vya kuvunia. Sitaki kumdanganya msomaji: bunduki ile ilituokoa.

Adhuhuri bibi akajifunga kitenge cha safari, akaenda uwanjani.

"Mume wangu, ahadi."

"Bibi! Hata jasho la simba halijakauka!"

"Ndiyo maana nimewahi."

Chande alicheka akiwatazama wazee, nao wakamtetea. Nguruwe bado wapo, walisema. Mwenyekiti wa kijiji akaongeza kwamba hata wezi wa ng'ombe wangetuogopa. Silaha ikae mpaka mavuno, kisha tutaangalia. Niliona mkono wa Chande ukishika mkanda begani kama mtu aliyeshikilia kofia katika upepo. Alikuwa amepewa kiti kwa siku chache tu, na kiti ni kitamu.

Bibi hakupaza sauti. "Na sisi tuliambiwa ni ya kumtoa Mreno tu," alisema. "Mreno akatoka. Yenyewe haikutoka. Ikakaa, ikatafuta kazi nyingine, ikampata Vitorino."

Chande alitazama chini, akachomoa magazini ya risasi, akaitia mfukoni, akaanza kutembea kuelekea barabarani. Bibi alifuatana naye. Walisimama pamoja juani kusubiri lori, na bibi hakuondoka mpaka lilipotokomea na vumbi lake. Chande aliporudi kesho yake mikono mitupu, mzee mmoja alimtania kwamba mke amemnyang'anya mahari. Hakuna aliyeinuka kumpa kiti. Na nguruwe walikuja kweli. Mwaka ule tuligeukia mihogo mapema kuliko kawaida, na wapo waliomlaumu bibi hadi mvua zilizofuata. Mama mwenyewe alimnunia kwa muda. Bibi alikula mihogo yake bila kujitetea.

Sasa mimi ni mwalimu mjini Lindi. Nikifundisha bendera za majirani zetu, ile ya Msumbiji huamsha darasa zima, kwa kuwa ina bunduki iliyopishana na jembe juu ya kitabu wazi. "Mwalimu, hiyo si SMG?" Ndiyo, huwajibu, na huwaeleza kwa nini wenzetu waliichora pale, na huwaambia waheshimu sababu hiyo. Ila miaka hii kaskazini ya nchi hiyohiyo vijana wamebeba tena bunduki za namna ileile, vijiji vimechomwa, na watu wamevuka Ruvuma wakikimbia kama alivyokimbia bibi. Wengi wa vijana hao hawakuwa wamezaliwa Mreno alipoondoka. Nikilinganisha kipindi kile na hiki, naona tumepata barabara ya lami, umeme na simu mikononi, na simba wa kuchukua watu hawasikiki tena kwetu kama zamani. Vingi vya wakati ule vimechakaa. Dungu letu lilishaoza nguzo zake, bibi amelala kaburini, na Chande ni mzee wa mvi anayelalamikia magoti. Ile bunduki sijui iko wapi. Pengine imo ghalani, pengine begani mwa mtu. Ninachokijua ni kwamba, popote ilipo, bado inafanya kazi.