Jina Lisilokuwepo Kwenye Bango

Kanuni ya Akuoko ilikuwa moja: hagusi kufuli la kompyuta ambayo mwenyewe hayupo. Aliiandika kwa wino mwekundu juu ya meza yake, ghorofani pale Adum, Kumasi, na wateja waliisoma huku wakicheka. Mafundi wa chini walifungua chochote kilicholetwa. Yeye aliuliza maswali, ndiyo maana benchi lake lilikaa tupu nusu ya siku.

Siku ya kumi baada ya kumzika mjomba wao Nsiah, Boadu, kaka yake Akuoko, alipanda ngazi na laptopu kwapani.

"Mdogo wangu, ya marehemu hii. Inagoma kuwaka."

Akuoko aliiwasha. Ikatokea skrini nyeusi na sentensi moja: mfumo huu haujathibitishwa. Ugonjwa aliujua. Betri ndogo ya saa ilikuwa imekufa, mipangilio ya kuwashia ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Ulinzi ambao mjomba aliuzima zamani ulikuwa umejiwasha, nao uliuzuia mfumo wake usianze. Dawa ilikuwa kuingia kwenye mipangilio na kuuzima tena. Lakini mlango wa mipangilio hiyo mjomba aliufunga kwa nywila.

"Paswedi anayo nani?"

"Ningekuwa nayo ningepanda ngazi zako? Ivunje! Wenzako huko chini wanavunja huku wanakula."

"Basi wapelekee hao wanaokula."

"Wale wana midomo. Haya ni mambo ya ukoo."

"Mkaza mjomba anajua umeichukua?"

Boadu akacheka. "Kwetu mali ya mjomba hurithiwa na wapwa. Umesahau umezaliwa wapi? Humu mna karatasi za nyumba yake ya mtaa wa Bantama. Ukoo unakaa kikao Jumamosi, nami nataka nizione kabla ya mkewe."

"Ukiziona kabla yake, yeye ataziona?"

Boadu aliisogeza laptopu karibu na Akuoko.

"Mlete," Akuoko akasema. "Aandike paswedi kwa mkono wake, nitaitengeneza bure."

"Aah! Hakimu wa betri! Nipe mashine yangu."

"Si yako. Itabaki hapa mpaka mwenyewe aje."

Boadu alishuka akitukana, na jina la mama yao alilitaja mara mbili.

Akuoko alimpigia simu mjane, naye akaja asubuhi iliyofuata, amevaa nguo nyeusi, pamoja na binti yake. Aliandika nywila polepole, kwa kidole kimoja. Akuoko aligeuza uso ukutani mpaka alipomaliza. Akabadili betri, akauzima ule ulinzi, mashine ikawaka. Ndani mlikuwa na hati ya zawadi: mjomba alimpa mkewe nyumba akiwa hai, mbele ya mashahidi, na majina ya mashahidi yalikuwepo. Jumamosi wazee waliisoma, wakawaita mashahidi, wakaikubali. Mjane akabaki nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo simu ya Akuoko haikulia kwa jambo la ukoo. Mama yao alikuwa akikaa kwa Boadu. Akuoko alikwenda mara tatu, na mara tatu aliambiwa getini kwamba mama amelala. Mara ya tatu ilikuwa saa nne asubuhi.

Miaka miwili ikapita hivyo. Jioni moja alifunga duka, akafika njia panda, akaiona sura ya mama yake kwenye bango la mazishi. Alisoma orodha ya watoto, kisha akaisoma tena kuanzia chini. Boadu alikuwepo, na dada zao wawili. Yeye hakuwemo.

Alikwenda mazishini akakaa kwenye viti vya wageni. Wageni walipopangwa mstari kuwapa mkono wafiwa, naye akapanga mstari. Boadu alimshika mkono sawasawa, kama anavyomshika mtu yeyote.

"Tunashukuru kwa kuja, mgeni wetu."

"Poleni," Akuoko akasema, akasogea kumpisha wa nyuma yake.

Jumatatu alifungua duka kama kawaida. Wino mwekundu bado uko juu ya meza. Kanuni ile ilimgharimu kaka, dada wawili, na miaka miwili ya mwisho ya mama yake.